Visawe Vikizidi Huua: Funzo la Washindiliaji wa Risasi

Katika shule zetu kuna imani moja iliyoota mizizi hata hapana anayethubutu kuigusa. Ni imani kwamba mwandishi hodari wa Kiswahili ni yule asiyerudia neno. Mwanafunzi akiandika "mwalimu" katika sentensi ya kwanza, hushauriwa aandike "mkufunzi" katika ya pili, na katika ya tatu atafute jingine. Insha iliyosheheni visawe hutuzwa alama. Ile inayorudia neno moja huandikiwa kwa wino mwekundu kwamba msamiati wake ni haba. Sina ugomvi na imani hiyo ikikaa mahali pake. Leo, hata hivyo, nataka kuipeleka mahali isikozoea kwenda, yaani mezani pa mwindaji anayejitengenezea risasi zake mwenyewe, nione kama itatoka huko salama.

Msomaji asishtuke. Nchini Marekani, hasa katika majimbo ya milima ya magharibi, ni jambo la kawaida na la halali mwindaji kununua vijenzi vya risasi kimoja kimoja na kuviunganisha nyumbani. Wengine hufanya hivyo ili kupunguza gharama. Walio wengi hufanya hivyo kwa sababu kila bunduki ina tabia yake, na risasi iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya bunduki zote haiwezi kuipendeza kila moja. Lugha yetu ina kitenzi kinachoufaa ufundi huu. Tangu zama za magobori, mwenye bunduki alikuwa akishindilia baruti mtutuni kwa mti. Nami basi nitawaita mafundi hawa washindiliaji.

Niliwajua washindiliaji nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamifu, na kilichonivuta kwao hakikuwa bunduki. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 1977, na habari za silaha na risasi zina sheria zake ambazo hakuna raia mwema anayezichezea. Kilichonivuta ni vitabu vyao. Sijaona maandishi mengine, nje ya yale ya madaktari na marubani, ambamo neno moja likikaa vibaya mtu hupoteza jicho. Kwa hiyo huwapa wanafunzi wangu wa tafsiri ukurasa mmoja wa aina hiyo wautie katika Kiswahili. Matokeo ya zoezi hilo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Tuanze na vijenzi vyenyewe, ambavyo ni vinne. Cha kwanza ni ganda, yaani kile kikopo cha madini ambacho polisi hukiokota mahali palipotokea ufyatulianaji. Cha pili ni fataki, kidude kidogo kinachokaa katikati ya kitako cha ganda, ambacho kikigongwa hutoa cheche. Cha tatu ni baruti. Cha nne ni kile kipande cha mbele chenye ncha ambacho hasa ndicho kinachoruka, na ambacho magazeti yetu huandika kuwa ni kichwa cha risasi. Vinne hivyo vikiunganishwa ndipo tunapopata risasi kamili.

Sasa tazama mambo yanavyokuwa. Kitabu kinaagiza kwamba kichwa cha risasi kikibadilishwa, kiasi cha baruti kianzwe upya kutoka chini. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana mwerevu sana, aliandika: "Risasi ikibadilishwa, anza upya." Je, risasi ipi? Ile kamili, au ile inayoruka? Sentensi iliyofuata iliamuru kipande hicho kitiwe mdomoni mwa ganda kwa kina kilichopimwa. Mwenzake akaandika kwamba risasi iingizwe ndani ya risasi. Darasa zima lilicheka, naye mwenyewe akacheka. Lakini aliyenitia hofu ni mwanafunzi wa tatu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha wote. Huyo, kwa kuwa alifundishwa vyema asirudie neno, aliandika "risasi" katika sentensi ya kwanza, "zana" katika ya pili, "kombora" katika ya tatu, na "shaba" katika ya nne. Kitu kilikuwa kilekile kimoja. Msomaji wake angedhani ameelezwa habari za vitu vinne.

Neno "risasi" lenyewe lina kisa chake. Tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile madini nzito na laini ambayo hadi leo tunaiita risasi. Kitu kinachoruka kiliitwa hivyo kwa sababu kilisubuliwa kwa madini hiyo. Kisha jina likapanuka likafunika ganda, fataki na baruti, ndiyo maana tunahesabu risasi kumi kwenye sanduku. Neno moja, maana tatu. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutuokoa. Mezani pa mshindiliaji muktadha hauokoi mtu.

Nitatoa mfano ulio hai. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2013, nayo ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2019, inayokataza uwindaji kwa vichwa vya madini ya risasi. Sababu ni kwamba ndege walao mizoga, hasa yule tai mkubwa aitwaye kondo wa California, walikuwa wakila vipande vya madini hiyo na kufa kwa sumu. Wawindaji wakageukia vichwa vilivyotengenezwa kwa shaba nyekundu tupu. Hapo lugha yetu inajikuta na kitendawili: risasi isiyo na risasi! Na kitendawili hicho si cha kuchekesha tu. Shaba ni nyepesi kuliko risasi. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi. Huzama zaidi ndani ya ganda, hula nafasi ya baruti, na hupanda mtutuni kwa ukaidi wa namna nyingine. Fundi anayesema moyoni mwake "risasi ni risasi, mradi uzito ni mmoja" na kutumia kipimo chake cha zamani, anaweza kujikuta amepita mpaka wa usalama bila ya kujua.

Na hiyo "shaba" nayo? Sisi huita shaba ile nyekundu ya nyaya za umeme, na huita shaba ile ya manjano ya mabirika na vitasa vya milango. Ganda la risasi ni la shaba ya manjano; joho la kichwa cha risasi ni la shaba nyekundu au mchanganyiko unaokaribiana nayo. Wahenga wetu walilijua jambo hili wakaongeza kivumishi. Ni sisi wasomi tunaokidondosha kivumishi hicho kwa kudhani kuwa ni mzigo.

Kijenzi cha pili, fataki, nacho kina mkasa wake. Kamusi zetu zinalitambua neno hili kwa maana ya kiwasha baruti na kwa maana ya zile fashifashi za sikukuu. Huko Tanzania limepata maana nyingine kabisa, ya mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Hakuna ubaya, neno lina haki ya kutembea. Lakini washindiliaji hawatosheki hata na fataki moja. Kuna fataki za kawaida na kuna fataki zenye mwako mkali zaidi, zinazotumika kuwasha baruti nyingi na nzito ya risasi kubwa. Mbili hizo hulingana kwa umbo na kwa kipimo, na zote huingia katika tundu lilelile. Mwenye kubadilisha moja kwa nyingine, vitabu vinamwamuru arudi chini aanze tena. Kwa hiyo jina "fataki" peke yake halitoshi. Lazima aina yake iandikwe kila inapotajwa, hata ikibidi mara kumi katika ukurasa mmoja.

Hapo ndipo tunapofikia risasi hizo kubwa zenyewe. Waingereza na Wamarekani huziita magnamu, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kubwa", ambalo tayari lilikuwa jina la chupa ya mvinyo yenye ujazo maradufu. Kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa mwaka 1912 risasi yake mashuhuri ya .375, iliyokuja kujulikana sana kwa wawindaji wa Afrika. Winchester wa Marekani wakatoa .300 Winchester Magnum mwaka 1963, ambayo hadi leo inapendwa na wawindaji wa elk, yule mnyama mkubwa mwenye pembe zenye matawi. Ukubwa wa risasi hizi si maneno matupu. Kiwango cha juu cha shinikizo kilichowekwa na wenye viwanda wa Marekani kwa .300 Winchester Magnum ni pauni 64,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni zipatazo 32. Shinikizo hilo basi ni mara elfu mbili ya lile la gurudumu, na hutokea sentimita chache mbele ya uso wa mfyatuaji.

Risasi hizi zina mshipi, yaani ukingo mnene unaozunguka ganda karibu na kitako. Wengi huamini kwamba mshipi huo uliwekwa ili kuliongezea ganda nguvu, kwa kuwa jina magnamu na umbo la mshipi vinaonekana kusema hivyo. Sivyo. Kazi ya mshipi ni kulizuia ganda lisiingie kupita kiasi katika chemba, yaani ile sehemu ya nyuma ya mtutu inayoipokea risasi. Risasi ya .375 ina mabega yaliyolala, yasiyoweza kuifanya kazi hiyo vizuri, mshipi ukasaidia. Risasi nyingi zilizofuata zina mabega yanayojitosheleza, lakini zilirithi mshipi kama mtoto arithivyo jina la babu. Mshindiliaji asiyejua hili hulibana ganda lililokwisha kutumika akilirudisha nyuma kupita inavyohitajika, akiutegemea mshipi. Ganda hunyooka kila linapofyatuliwa, hudhoofika, na mwishowe hukatika juu kidogo ya mshipi huohuo aliodhani ni ngome yake. Huo ndio udanganyifu wa jina. Jina linaahidi nguvu, na mtu hulala usingizi juu ya ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Tuje kwenye vipimo. Washindiliaji hupima baruti na vichwa vya risasi kwa kipimo cha kale kiitwacho greini, kilichotokana na punje ya nafaka. Greini 7,000 hufanya ratili moja ya Kiingereza, na gramu moja ni greini 15 na zaidi kidogo. Mtafsiri aliyezoea gramu akiona greini hudhani ni kosa la uchapaji, naye "husahihisha". Mwingine hufasiri "punje", neno zuri kabisa na lenye asili sahihi. Ila baruti yenyewe huja katika punje ndogondogo, na msomaji mgeni anaweza kudhani anatakiwa azihesabu! Katika hali hii mimi nashikilia "greini", neno geni lisilo na ndugu katika lugha yetu. Ugeni wake ndio unaomlinda msomaji. Si kila neno la mkopo ni uvivu. Mengine ni ukuta.

Ajabu ni kwamba kosa la kuchanganya greini na gramu, kwa ukubwa wake, mara nyingi hujifichua lenyewe. Ganda litafurika kabla fundi hajafika alikoagizwa. Kosa la kuogopwa ni lile dogo. Mizani ya mshindiliaji husoma sehemu moja ya kumi ya greini, yaani miligramu sita na nusu hivi. Akikaribia kiwango cha juu, greini moja au mbili za ziada hazionekani kwa macho, na zinaweza kuutenga usalama na maafa. Ndivyo ilivyo hata katika lugha. Mwanafunzi anayeita jiwe "mti" husahihishwa papo hapo. Anayeita kichwa cha risasi "risasi" hupewa alama zake na kuendelea na safari.

Nimeweka baruti mwisho kwa makusudi, kwa maana hapo ndipo penye funzo kubwa kuliko yote. Sisi huita baruti ile nyeusi ya magobori, huita baruti ile isiyo moshi iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na huita baruti hata vile vilipuzi vya machimbo ya mawe. Vitu vitatu, tabia tatu. Lakini hata ndani ya ile isiyo moshi kuna makumi ya aina. Zipo ziwakazo upesi, zinazofaa bastola. Zipo ziwakazo polepole, zinazofaa ganda kubwa la magnamu. Nyingi hufanana kwa rangi na kwa umbo kama mapacha. Mtu akijaza ganda la magnamu baruti ya bastola, bunduki hupasuka mikononi. Ndiyo maana mshindiliaji mwenye akili huweka mezani chombo kimoja tu cha baruti kwa wakati mmoja. Hachanganyi aina mbili. Na chombo kilichopotewa na jina humwaga kilichomo, hata kama ana hakika anaijua kwa kuitazama. Kitu kisicho na jina la kuaminika, kwake, hakina matumizi.

Na hata jina likiwepo bado hajasalimika. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mfanyabiashara aitwaye Bruce Hodgdon aliwauzia washindiliaji baruti iliyobaki jeshini, yenye nambari 4831. Ikapendwa mno kwa risasi kubwa. Baadaye kampuni ya DuPont ikatoa baruti yake yenye nambari ileile, 4831. Mbili hizo si kitu kimoja. Ile ya pili huwaka kwa kasi zaidi. Kinachozitofautisha kwenye chombo ni herufi zinazotangulia: H kwa ya kwanza, IMR kwa ya pili. Mtu anayenakili kipimo na kuiacha herufi, kwa kuwa "nambari si ni ileile?", humkabidhi mwenzake mtego. Wanaisimu tunaita hali hiyo homonimia, tunaitungia mtihani, na mwanafunzi anatupa mfano wa "kaa" na "paa". Natamani siku moja mwanafunzi atupe mfano wa 4831.

Basi mshindiliaji anafanyaje ili afike salama? Njia yake ni ya wahenga wetu: haba na haba hujaza kibaba. Huchukua kitabu kilichopimwa maabara, si uvumi wa jirani. Huanza na kiasi cha chini kilichoandikwa humo, ambacho kwa desturi hupungua kile cha juu kwa sehemu moja ya kumi hivi. Hupanda kwa hatua ndogo sana, akifyatua na kuchunguza kila hatua. Hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Akibadilisha viwili hatajua kipi kilicholeta tofauti. Na kila analolifanya hulitia katika daftari: aina ya ganda, aina ya fataki, jina kamili la baruti, uzito, urefu wa risasi, tarehe, hata joto la siku hiyo.

Bunduki nayo humsemesha. Fataki ikilaliana kama sarafu au ikitoboka, komeo la bunduki likiwa zito kufunguka, kitako cha ganda kikipata alama inayong'aa ambayo haikuwapo, hizo ni ishara kwamba shinikizo limezidi. Hapo husimama, akarudi nyuma. Lakini mafundi wazoefu huonya juu ya jambo ambalo mwanafunzi wa semiotiki angelifurahia: kutokuwepo kwa ishara si ishara ya usalama. Dalili hizo huchelewa. Nyingine hazitokei mpaka mtu amekwisha kuvuka mpaka. Ndiyo maana hutumia pia chombo kinachopima mwendo wa kichwa cha risasi. Mwendo ukipita ule ulioandikwa kitabuni, basi shinikizo nalo yamkini limepita, hata kama ganda limenyamaza kimya.

Ukishapatikana usalama, hutafutwa shabaha. Hapa pia Kiswahili chetu kinataka uangalifu. Tunasema bunduki "ina shabaha" tukimaanisha mambo mawili. Moja ni kupiga pale ulipolenga. La pili ni kupiga mahali pamoja kila mara, hata kama mahali hapo ni shubiri moja kushoto. Mshindiliaji hutafuta lile la pili kwanza, kwa sababu la kwanza hurekebishwa kwa kuzungusha parafujo mbili za darubini. Nami nimezoea kuliita la kwanza usahihi na la pili ulinganifu. Mwalimu anayesahihisha insha mia moja anaujua utofauti huu, hata kama hajawahi kuupa jina: mwenye mkono mkali kwa wote ni mlinganifu, na kosa lake hurekebika, mwenye mkono mkali asubuhi na laini jioni hana dawa.

Wengi wao hukosea hapohapo. Mtu hufyatua risasi tatu, zikaangukia mahali panapofunikwa na sarafu, naye hushangilia kuwa amepata kipimo bora. Kesho yake tatu nyingine hutawanyika kama kuku walioona mwewe. Tatu hazithibitishi jambo. Mafundi makini hufyatua kumi na zaidi, wakiupumzisha mtutu upoe, maana mtutu wa magnamu hupata moto upesi, na bega la mfyatuaji huchoka kwa teke la bunduki hata akaanza kujikunyata kabla hajafyatua. Ninyi wanafunzi mnaohoji watu watatu sokoni kisha mkaandika kwamba "wakazi wa mji huu husema hivi", nadhani mmenielewa.

Yote haya ni kwa ajili ya nini? Kwa mwindaji mwenye utu, ni kwa ajili ya mnyama afe kwa pigo moja bila ya kuteseka, na yeye arudi nyumbani na macho yake mawili. Kwetu sisi wa lugha, ni ushahidi dhidi ya hoja mbili ninazozisikia kila mwaka.

Hoja ya kwanza husema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya sayansi na ufundi, kwa hiyo tukiache katika ushairi na hotuba za sherehe. Wanaosema hivyo hawajavisoma kwa makini hivyo vitabu vya Kiingereza. Waingereza na Wamarekani wa kawaida nao huchanganya kichwa cha risasi na risasi kamili kila siku. Greini kwao ni kipimo, ni punje ya ngano, na ni punje ya baruti. Magnamu ni chupa na ni bunduki. Lugha yao haikuzaliwa na usahihi huo. Waandishi wa vitabu hivyo walikaa chini wakakubaliana kwamba ndani ya kurasa hizi neno hili litamaanisha kitu hiki na si kingine, nao wakalishika agano hilo. Sisi tuna ganda, tuna fataki, tuna kitako, tuna mtutu, tuna komeo, tuna kushindilia. Nimeandika makala haya yote kwa Kiswahili, na nilikohitaji mkopo niliuchukua bila ya aibu. Kilichopungua kwetu ni agano.

Hoja ya pili hutoka kwa wapenzi wa lugha wenzangu. Huniambia: "Daktari, unataka kutunyang'anya utajiri wetu. Mshairi atafanyaje bila ya visawe?" Simnyang'anyi mshairi hata silabi moja. Mizani na vina vyake vinamdai maneno mengi, na furaha yetu imo humohumo. Mwandishi wa insha ya kubuni naye ana haki yake. Ninachosema ni kwamba kuna uandishi wa aina mbili, nasi tumekuwa tukifundisha mmoja na kuuita wote. Yule msichana, na yule mwenzake wa "zana" na "kombora", huenda siku moja wakatafsiri maelezo ya dawa ya watoto, au maagizo ya dawa ya kunyunyizia mahindi, au kanuni za mtambo wa gesi. Wataingia katika kazi hiyo na mazoea tuliyowapa sisi. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi haisomwi jukwaani tu. Husomwa kwenye chupa ya dawa usiku wa manane na mama mwenye taa ya koroboi.

Napendekeza mambo matatu kwa walimu wenzangu. Kwanza, katika kila muhula wanafunzi waandike walau kazi moja ya maagizo, ya kupika, ya kutengeneza, au ya kupima, na katika kazi hiyo kila kisawe cha kitu kimoja kihesabiwe kuwa kosa. Pili, kazi hiyo ipewe mwanafunzi mwingine aifuate neno kwa neno mbele ya darasa. Chakula kikiungua, mwandishi ataona kwa macho yake alipokosea. Tatu, kabla ya kutafsiri ukurasa wowote wa ufundi, darasa likae pamoja liandike orodha ya istilahi, kila kitu na jina lake moja, na orodha hiyo ibandikwe ukutani mpaka kazi iishe. Hayo hayahitaji fedha za wizara wala kamati ya uchunguzi.

Mshindiliaji hana kalamu nyekundu ya kumsahihisha. Akiandika jina nusu juu ya chombo, msahihishaji wake ni shinikizo la pauni 64,000. Wanafunzi wetu hawatashika bunduki, na Mungu awaepushe nayo. Lakini watashika kalamu zitakazoelekeza mikono ya watu wengine, na watu hao hawatakuwa na nafasi ya kuwauliza: "Ulimaanisha ipi?"